Mpangaji Mwenye Mshahara Mdogo na Mkopo wa Nyumba

Mtu apangaye nyumba mjini huujua mwisho wa mwezi hata asipotazama kalenda. Mshahara huingia leo, na kesho mwenye nyumba au wakala wake huulizia kodi yake. Mpangaji hulipa, hupewa risiti, na mwezi unaofuata mambo huanza upya. Baada ya miaka kumi, mwenye nyumba bado ana nyumba yake, naye mpangaji ana risiti zake. Ndiyo sababu wapangaji wengi hujiuliza: Je, fedha hizi ninazolipa kila mwezi haziwezi kuninunulia nyumba yangu mwenyewe?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake si fupi. Kwa watu wengine jibu ni ndiyo. Kwa wengine ni bado. Na wako ambao jibu lao la kweli ni hapana, nao wakijibiwa vingine hupata hasara kubwa. Katika makala haya tunaeleza jinsi mkopo wa nyumba ulivyo katika Kenya, na jinsi mtu wa mshahara mdogo awezavyo kujitayarisha.

MKOPO WA REHANI NI NINI

Mkopo wa rehani ni fedha ambazo benki au chama cha akiba na mikopo humkopesha mtu ili anunue nyumba, na nyumba ile ile ndiyo inayowekwa dhamana. Mkopaji huingia ndani akaishi, na jina lake huandikwa katika hati ya kumiliki. Lakini katika rejista ya ardhi huandikwa pia kwamba nyumba hiyo imewekwa rehani. Hawezi kuiuza bila idhini ya aliyemkopesha mpaka deni lishe. Likiisha, rehani hufutwa, naye hukabidhiwa hati yake ikiwa huru.

Watu waliopata mikopo ya namna hii ni wachache. Mwisho wa mwaka 2023, hesabu ya mikopo ya rehani katika mabenki yote ya Kenya ilikuwa karibu 30,000 tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50. Sababu ni nyingi. Fedha ambazo watu huweka benki ni za muda mfupi, na mwenyewe aweza kuzitaka wakati wo wote. Basi benki huona taabu kuzikopesha kwa miaka 20. Riba huwa kubwa. Hati za ardhi mahali pengine hazikukamilika. Tena watu wengi hupata riziki yao katika biashara ndogo ndogo, hawana karatasi ya mshahara ya kuonyesha.

Ili kupunguza taabu hiyo, mwaka 2018 iliundwa kampuni iitwayo Kenya Mortgage Refinance Company, na Benki Kuu ikaipa leseni mwaka 2020. Wenye hisa ndani yake ni Serikali, mabenki, vyama vya akiba na mikopo, na mashirika ya fedha ya nje. Inafaa ifahamike vizuri kwamba kampuni hii haimkopeshi mtu mmoja mmoja. Kazi yake ni kuyapa mabenki na vyama fedha za muda mrefu kwa riba ndogo, ili nao wawakopeshe wananchi kwa riba isiyofika asilimia 10. Kwa hiyo mpangaji asiende kuomba kwa kampuni hiyo, bali aende kwa benki au chama chake aulize: "Je, mnao mkopo wa nyumba unaotokana na fedha za kampuni hiyo? Masharti yake ni yapi, na kikomo chake ni shilingi ngapi?" Mtu asiyeuliza hivyo aweza kupewa mkopo wa kawaida wenye riba kubwa, hali mwingine wa riba ndogo upo katika jengo lile lile.

HESABU YA MTU MMOJA

Mambo ya fedha hueleweka kwa mfano. Tumfikirie karani wa bohari katika Nairobi, mwenye mke na watoto wawili, apataye Sh. 45,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kodi ya mapato, bima ya afya, akiba ya uzeeni na ada ya nyumba zikiisha kukatwa, hubakiwa na karibu Sh. 36,000. Kodi ya nyumba yake ni Sh. 12,000. Kwa mwaka hulipa Sh. 144,000, kwa miaka kumi ni Sh. 1,440,000, hata kama kodi isingepanda.

Karani huyu ameona nyumba ya Sh. 1,700,000. Akiwa na Sh. 200,000 za kutanguliza, atahitaji mkopo wa Sh. 1,500,000. Akipewa kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 20, atalipa karibu Sh. 13,500 kila mwezi. Lakini mkopo huo huo ukiwa wa riba ya asilimia 14, malipo yatakuwa karibu Sh. 18,650 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya Sh. 5,000 kila mwezi kwa miaka 20. Hapa ndipo msomaji atakapoona kwamba riba ina nguvu kuliko hata bei ya nyumba.

Muda nao una neno lake. Mkopo wa asilimia 9 ukilipwa kwa miaka 15 badala ya 20, malipo ya mwezi hupanda hadi karibu Sh. 15,200, lakini jumla ya fedha zitakazolipwa hushuka kutoka karibu Sh. 3,239,000 hadi karibu Sh. 2,738,000. Anayeweza kuvumilia Sh. 1,700 zaidi kila mwezi huokoa nusu milioni.

Pia asishangae akiona deni halipungui upesi hapo mwanzo. Katika mwezi wa kwanza, katika zile Sh. 13,500, riba peke yake ni Sh. 11,250, na deni lenyewe hupungua kwa Sh. 2,250 tu. Miaka inavyokwenda, riba hupungua na sehemu ya deni huongezeka. Benki haikumdanganya, ndivyo hesabu ya riba ilivyo. Ndiyo maana mwenye kulipa ziada mapema hufaidika sana, mradi mkataba wake unamruhusu kufanya hivyo bila faini.

SHERIA YA THULUTHI MOJA

Mtu aweza kusema, "Kama nalipa kodi Sh. 12,000, kwa nini nisikubaliwe kulipa Sh. 13,500?" Jibu moja limo katika Sheria ya Kazi. Sheria hiyo yakataza makato yote ya mshahara kuzidi thuluthi mbili. Yaani mfanyakazi hana budi kubakiwa na thuluthi moja mkononi mwake, ili apate kula na kuvaa.

Kwa karani wetu, thuluthi mbili za Sh. 45,000 ni Sh. 30,000. Makato ya lazima huchukua karibu Sh. 9,100. Hubaki nafasi ya karibu Sh. 20,900 kwa mikopo yo yote. Malipo ya nyumba ya Sh. 13,500 yaingia humo bila shida. Lakini kama alikuwa amekwisha kuchukua mkopo mwingine wa kununua pikipiki, unaokatwa Sh. 8,000 kila mwezi, jumla huwa Sh. 30,600. Amepita mpaka kwa Sh. 600, na ombi lake litarudishwa. Basi si nyumba iliyomshinda, ni pikipiki. Anayekusudia kununua nyumba na amalize kwanza madeni madogo, wala asifungue mengine.

KUPANGA HUKU UNAWEKA AKIBA

Taabu kubwa ya mpangaji ni kutafuta fedha za kutanguliza hali kodi inamla. Hapa hakuna dawa ya uchawi, ila kupanga mambo. Karani wetu akiweka Sh. 5,000 kila mwezi, atapata Sh. 200,000 kwa miezi 40. Miaka mitatu na miezi minne si muda mfupi, lakini una faida mbili.

Faida ya kwanza ni fedha zenyewe. Faida ya pili ni jaribio. Mtu anayelipa kodi Sh. 12,000 na kuweka akiba Sh. 5,000 amekuwa akiishi kama kwamba nyumba yamgharimu Sh. 17,000. Kama kwa miezi 40 watoto wamekula na karo imelipwa, amejua kwa hakika kwamba mkopo hautamvunja. Kama ameshindwa baada ya miezi mitano, amelijua jambo hilo bila kupoteza nyumba. Ni heri kushindwa katika jaribio kuliko kushindwa mbele ya dalali wa mnada.

Mahali pazuri pa kuweka akiba hiyo ni katika chama cha akiba na mikopo kilichoandikishwa, kwa kuwa vyama vingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, akiwa na wadhamini. Wako watu waliojenga kidogo kidogo kwa njia hiyo bila kuweka rehani yo yote: kwanza kiwanja, kisha msingi, kisha kuta. Mfanyakazi aliye katika mpango wa malipo ya uzeeni naye aweza kuuliza wasimamizi wake. Kanuni zaruhusu hadi asilimia 60 ya haki yake kuwekwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Na tangu mwaka 2020 zaruhusu hadi asilimia 40, isiyozidi shilingi milioni 7, kutumiwa kununua nyumba ya kukaa. Lakini na akumbuke kwamba fedha itakayotumiwa leo haitakuwapo siku atakapokuwa mzee.

Usiweke akiba ya kutanguliza peke yake. Kuna ada ya wakili, ada ya mthamini wa nyumba, bima, na ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani. Anunuaye nyumba yake ya kwanza katika mpango wa Serikali wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru huo. Aliyehesabu bei tu akasahau ada hizi hujikuta mlangoni pa nyumba bila ufunguo.

ASIYE NA KARATASI YA MSHAHARA

Fundi seremala, mama auzaye mboga sokoni na mwenye bodaboda huenda wanapata fedha kuliko karani. Shida yao ni ushahidi. Mwenye kukopesha haulizi tu "Wapata ngapi?" bali pia "Nitajuaje?" Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila siku andika yaliyoingia na yaliyotoka. Mapato ya biashara yapitishe katika akaunti moja ya benki au ya simu, ili baada ya mwaka upate taarifa ya kuonyesha. Kodi ya nyumba nayo ilipe kwa njia inayoacha alama, kwa M-Pesa au benki, wala si kwa mkono tu. Risiti za miaka mitatu, zisizoruka mwezi hata mmoja, haziwezi kuwa dhamana, lakini ni ushuhuda wa mtu mwaminifu.

Tena chunguza jina lako katika kampuni za kumbukumbu za mikopo. Kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka. Watu wengi huona ajabu kukataliwa mkopo wa nyumba kwa sababu ya mkopo mdogo wa simu waliousahau. Dawa ya deni ni kulipa. Lilipe, kisha hakikisha kwamba kumbukumbu imesahihishwa.

MPANGO WA SERIKALI

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliwagawa watu kwa mapato. Mwenye kupata chini ya Sh. 20,000 kwa mwezi aliwekewa nyumba za kijamii. Mwenye kupata kati ya Sh. 20,000 na Sh. 149,000, nyumba za bei nafuu. Na aliyezidi hapo ana fungu lake. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka ada ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho.

Hapa watu wengi hukosea. Kulipa ada hiyo si kununua nyumba, wala haikuandikii nyumba yo yote. Anayetaka nyumba hana budi kujiandikisha mwenyewe katika mpango uitwao Boma Yangu, kwa kitambulisho chake na namba yake ya kodi, na kuanza kuweka akiba ya kutanguliza humo humo. Akipata nyumba, aweza kuilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka iwe yake. Njia hii ya kupanga huku unanunua si ngeni katika nchi hii. Shirika la Nyumba la Taifa limeitumia tangu zamani. Na mtu akikuambia, "Nipe kitu kidogo nikupatie nyumba upesi," huyo ni mwizi. Fedha zote hulipwa kwa akaunti rasmi, si kwa simu ya mtu.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kwanza, pekua rejista ya ardhi ujue mwenye mali ni nani, na kama kuna rehani au zuio. Ukinunua nyumba ndani ya jengo la ghorofa, uliza kama hati ya sehemu yako peke yake itatolewa chini ya sheria ya mwaka 2020.

Pili, uliza kama riba ni ya kudumu au hubadilika. Kama hubadilika, sheria yamtaka mkopeshaji akupe habari kwa maandishi siku 30 mbele. Jiulize: Riba ikipanda kwa asilimia 3, nitaweza?

Tatu, zungumza na mwenzako nyumbani. Nyumba ya watu waliooana haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mume au mke. Hii si karatasi ya kupigwa sahihi usiku kwa haraka. Mama akijua hesabu, nyumba nzima hubana matumizi; asipojua, siri hiyo siku moja italetwa na dalali.

Nne, uliza kuhusu bima ya maisha inayolipa deni mkopaji akifariki. Mjane na yatima wasirithi deni pamoja na msiba.

Tano, usisahau unafuu wa kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024, riba ya mkopo wa nyumba unayokaa mwenyewe, hadi Sh. 360,000 kwa mwaka, hutolewa katika mapato kabla ya kodi kuhesabiwa. Mpelekee mwajiri wako cheti cha riba.

MALIPO YAKISHINDIKANA

Kazi huisha, ugonjwa huja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haikumwacha mkopaji bila kinga. Akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji aweza kumpa ilani, lakini hana budi kumpa muda usiopungua miezi mitatu ili alipe. Ukipita, ni lazima apewe ilani nyingine ya kuuza, isiyopungua siku 40. Tena mwenye kuuza hana ruhusa ya kuitupa mali kwa bei ya chini. Lazima ithaminiwe kwanza, na ni wajibu wake kutafuta bei bora iwezekanayo wakati huo. Na mpaka mauzo yafanyike, mkopaji aweza kulipa deni na gharama akaokoa nyumba yake.

Lakini haki hizi humfaa mtu anayefungua barua zake. Wengi waliopoteza nyumba walizificha ilani kabatini kwa aibu. Ukiona hatari, nenda mwenyewe kwa mkopeshaji kabla hujaitwa. Aweza kurefusha muda wa mkopo, au kukuruhusu kulipa kidogo kwa miezi kadhaa. Au waweza kuiuza nyumba mwenyewe kwa bei nzuri, ulipe deni, urudi kupanga ukiwa na kitu mkononi. Kurudi kupanga si fedheha.

Neno la mwisho twampa yule ambaye hesabu yake haikubali leo. Kama mapato yako ni Sh. 20,000 na kodi ni Sh. 7,000, usidanganywe na mtu akuambiaye kwamba kila apangaye ni mjinga. Kodi imekupa paa, na watoto wamelala bila kunyeshewa. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Anza na daftari, kisha akiba, hata kama ni Sh. 500 kwa mwezi, na jiandikishe katika mpango wa Serikali. Haba na haba hujaza kibaba. Siku hesabu itakapokubali, utaingia katika nyumba yako kwa mlango wa mbele, na hapana atakayekutoa.